Naenda kozi ya bunduki na sijawahi kuishika. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Mtopanga hapa Mombasa. Nimepata kazi ya ulinzi wa wanyama katika hifadhi ya jamii upande wa Taita Taveta, na baada ya wiki sita hivi tunapelekwa kozi ya bunduki ya wiki mbili. Tumeambiwa ni ya vitendo, si ya kukaa darasani. Sijawahi kushika bunduki maishani. Nina kilo 51, navaa miwani na hijabu, na kusema kweli naogopa lile teke la bunduki ikifyatuka. Binamu yangu ni askari, amesema atanionyesha yake nyumbani ili nisiende nikiwa mjinga. Wenzangu wamekwisha kununua mabuti, glavu na makoti ya kijeshi. Mimi nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera ya kazi. Nitaanza na huyo binamu, kwa sababu hilo halingoji wiki sita.

Mwambie ahsante, kisha mwambie hapana. Bunduki ya askari hutoka ghalani kwa sahihi na hurudi kwa sahihi. Ikishikwa na mtu mwingine sebuleni Mtopanga, makosa ni ya wawili: lake kwa kuiachia, lako kwa kuishika bila kibali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haitajali kwamba mlikuwa mnafanya mazoezi. Tena wewe una mengi ya kupoteza. Wengi wa walinzi wa hifadhi za jamii wanaobeba bunduki nchini huibeba wakiwa polisi wa akiba, na mwenye kesi ya silaha hata iwe ndogo haandikishwi huko.

Hata kama sheria ingeruhusu, bado ningekukataza. Mkono hukumbuka kile ulichofundishwa kwanza, na hukikumbuka zaidi mwenye mkono akiwa na hofu. Nimefundisha shabaha miaka mingi, na mwanafunzi aliyenisumbua hakuwa yule asiyejua kitu. Ni yule aliyefundishwa na kaka yake, mjomba wake, au simu yake, ambaye wiki ya kwanza nzima huisha tukimwondolea alichofundishwa. Kwa hiyo ujinga huo unaouonea haya ni mtaji, usiupoteze. Binamu yako ana kazi nyingine ya kukusaidia: akufokee amri. Muombe jioni akupeleke uwanjani akuamrishe lala, simama, piga goti, geuka, simama hapo hapo. Kwenye mstari wa shabaha amri hutoka kwa sauti kali, na mtu ambaye hajazoea kufokewa huanza kumtazama anayefoka, na bunduki yake hugeuka pamoja na uso wake. Hapo ndipo ajali huzaliwa.

Sasa tuje kwenye kidole. Ukiniuliza ni kitu kimoja gani ufike nacho kambini, nitakwambia kidole cha shahada kinachojua kukaa nje ya kifyatulio. Zipo kanuni nne ambazo utazisikia karibu kila penye mafunzo ya bunduki. Aliyezieneza kwa namna tunayozijua leo ni Mmarekani Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini aliyefungua shule yake ya silaha Arizona mwaka 1976. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Mdomo wake usiuelekeze kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe umekwisha kulenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Zikariri, lakini kukariri peke yake hakusaidii kitu kwa ile ya tatu, kwa sababu kidole hakisomi. Mkono wa binadamu ukishtuka, au mguu ukiteleza kwenye changarawe, vidole vyote hufumba kwa pamoja. Hata mkono wa kushoto ukikamata kitu kwa nguvu, wa kulia nao huitikia. Kidole kikiwa ndani wakati huo, risasi imetoka na wewe hukuamua.

Dawa yake unayo nyumbani. Chukua ile chupa ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, yenye kifyatulio. Ishike, na kidole cha shahada kinyooshe kando ya chupa, kisiguse kifyatulio. Tembea nayo ndani ya nyumba kila siku dakika kumi. Fungua mlango, inama, panda ngazi, zungumza. Mwambie mdogo wako akushtue kwa kelele, kisha utazame kidole kiko wapi. Siku za mwanzo utakikuta kimekwisha kurudi ndani chenyewe, na utashangaa. Baada ya wiki mbili tatu kitakaa nje bila kuambiwa, na ukishika ufagio au mwiko utakiona kimenyooka. Watakucheka nyumbani. Waache wacheke.

Chupa hiyo hiyo ikufundishe kufyatua. Weka shilingi 10 juu ya kichwa chake, lenga jani moja dirishani, halafu vuta kifyatulio kwa nyama ya ncha ya kidole, polepole, moja kwa moja kuja nyuma. Shilingi ikianguka, ujue umevuta kwa mkono mzima. Usijihesabie "moja, mbili, sasa!" Endelea kukaza mpaka maji yatoke yenyewe kabla hujayatarajia. Kifyatulio cha bunduki si sawa na cha chupa, lakini uvumilivu wa kidole ni ule ule.

Macho yako yanahitaji mambo mawili wiki hii, si wiki ijayo. La kwanza, nenda ukapimwe upya. Miwani ya miaka mitatu iliyopita inakutosha kuvuka barabara Bombolulu, lakini haitakutosha kuona ncha ya chuma iliyo karibu na urefu wa mkono wako kwa ukali unaotakiwa. Mweleze mpimaji kwamba utatazama kitu chembamba kilicho kiasi cha mita moja mbele ya jicho. Mweleze pia kwamba utakuwa umelala kifudifudi, kwa hiyo utachungulia kupitia sehemu ya juu ya kioo, na fremu ndogo za mtindo zitakukata macho. Nunua na kile kikamba cha kufunga miwani nyuma ya kichwa. Jasho la huko litaiteremsha puani kila dakika.

La pili ni kujua ni jicho lipi linaloongoza. Kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo hulisikiliza zaidi, na si lazima liwe upande wa mkono anaoutumia. Nyoosha mikono yote miwili mbele, vikutanishe viganja mpaka libaki tundu dogo, na katika tundu hilo utazame kitu cha mbali, tuseme taa ya juu ya mnara wa msikiti, ukiwa umefumbua macho yote. Sasa fumba la kushoto. Taa ikibaki ndani ya tundu, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Ikitoweka, ni la kushoto. Ukikuta unatumia mkono wa kulia na jicho la kushoto, usihuzunike, wako wengi. Mwambie mkufunzi asubuhi ya kwanza. Ama atakuhamishia bega la kushoto, ama atabandika kipande cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani yako. Asipojua, utapiga kandokando siku nne na kila mtu atafikiri unaogopa.

Kwa nini nakazania macho hivi? Huku kwetu yaelekea utapewa moja kati ya bunduki mbili, G3 ya Kijerumani au ya jamii ya AK. Kwenye AK, kutoka kilengeo (kile kijichuma cha kulengea) cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 38 tu. Ukikosea milimita 1 katika kuvipanga, kwa shabaha ya mita 100 umekosa kwa sentimita 26, na hiyo ni kutoka moyoni hadi nje ya ubavu. Jicho haliwezi kuona kwa ukali kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha kwa wakati mmoja. Lazima lichague, na linachochagua mpiga shabaha ni cha mbele. Shabaha ibaki na ukungu. Mwanafunzi mgeni hufanya kinyume, maana shabaha ndiyo anayoitamani. Jizoeze ukiwa ufuoni: nyoosha mkono, simamisha kidole gumba chini ya kilele cha mnazi wa mbali, na ukazie macho ukucha mpaka mistari yake ionekane, mnazi ukiwa umefifia. Kaa hivyo kwa pumzi mbili, pumzisha macho, rudia.

Teke sasa. Bunduki zote hizo mbili hupiga risasi ya kipenyo kinachoitwa 7.62, lakini ganda la G3 lina urefu wa milimita 51 na la AK 39, na tofauti hiyo yote ni baruti. Ndiyo maana G3 husukuma zaidi. Hata hivyo ina uzito wa zaidi ya kilo 4 ikiwa tupu, na uzito huo hunywa sehemu kubwa ya teke kabla halijakufikia. Kilo zako 51 zinatosha kabisa. Nimeona wanaume wenye mabega mapana wakiumia kwa sababu walikiacha kitako, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki, mbali kidogo na bega, kikapata nafasi ya kuja kwa kasi. Kitako kibane ndani ya lile shimo kati ya bega na kifua, si juu ya mfupa wa bega wala juu ya mkono. Shavu liwe juu yake kila mara mahali pale pale. Ukisimama, mguu wa kushoto uwe mbele na kifua kiinamie mbele, kama mtu anayesukuma mkokoteni wa maji. Anayeegemea nyuma hutupwa nyuma.

Isitoshe, wengi wanaosema wanaogopa teke wanaogopa mlio. Bunduki za namna hii hutoa kishindo cha zaidi ya desibeli 150, na sikio linaweza kuharibika kwa kishindo kimoja tu kinachopita 140. Mwili hujua hilo kabla yako, ndiyo maana hujikunyata. Nunua vizibo vya sponji vya masikio, pakiti nzima, ni vya bei ndogo kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Jifunze kuvivaa: vingirisha mpaka kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka kivimbe. Kisha omba na vile vikubwa vya kufunika masikio uvae juu yake. Kuvaa vyote viwili si uoga.

Kwa hijabu, chagua ya kitambaa chepesi cha kuvutika, fupi, isiyo na pini upande wa shavu la kulengea. Vifuniko vya masikio vikae chini ya kitambaa, vigusane na ngozi, la sivyo sauti itapenya kwenye mikunjo. Jizoeze kuvaa namna hiyo nyumbani mpaka usihitaji kioo. Hijabu itakupa faida moja ambayo wenzako hawatakuwa nayo: shingo iliyofunikwa. Ganda la risasi hutoka likiwa la moto, na la G3 hurushwa kwa nguvu mita kadhaa, likimkuta jirani wa kulia. Likiingia kwenye kola iliyo wazi hushuka kifuani na kukwama hapo linachoma. Mtu huruka, huachia mkono mmoja, hugeuka. Bunduki yenye risasi imeelekea kwa wenzake. Basi vaa shati la mikono mirefu linalofungwa mpaka juu, na ujiapie tangu sasa kwamba likiingia, utavumilia kuungua mpaka mdomo wa bunduki uwe umeelekea mbele na kidole kiko nje. Malengelenge hupona.

Mabuti, ndiyo, nunua, hata ya mitumba pale Kongowea, mradi kisigino hakichezi ndani. Lakini nunua kesho, uyatembelee kila siku, usiende kuyafungua kwenye boksi kambini. Glavu ziache, kidole kinataka kuhisi. Makoti ya kijeshi yaache kabisa. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa Kenya, na wenzako wanaweza kukamatwa kabla hawajafika Mariakani. Sare mtapewa. Chukua kofia yenye ukingo, daftari dogo na penseli, soksi za kutosha, sabuni. Kata kucha. Hina haina neno.

Sabuni nimeitaja kwa sababu maalumu. Moshi na vumbi la uwanja wa shabaha vina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu inayoingia mwilini kwa mikono na chakula. Nawa mikono na uso kabla ya kula hata tende moja, na nguo za uwanjani zifue peke yake. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha amwambie daktari wa kambi mapema, kabla ya kukanyaga uwanjani. Ninalisema kwa sababu wakufunzi wengi wanaume huona haya kuuliza.

Mwili. "Ya vitendo" maana yake hutapiga ukiwa umekaa raha mezani. Utakimbia, ulale, upige goti nyuma ya gogo, uinuke, ubadilishe magazini (kisanduku cha risasi) ukihema, halafu ndipo upige. Kwa hiyo kukimbia kilomita nyingi si mazoezi yenyewe hasa. Nenda ufuo wa Pirates asubuhi, maji yakiwa yametoka, ukimbie kwenye mchanga mlaini hatua mia mbili hivi, ujitupe chini kifudifudi kwa viwiko, na hapo hapo unyanyue kidole gumba kukilenga chombo kilichotia nanga. Kitacheza juu na chini pamoja na kifua chako. Usiizuie pumzi ikiwa juu. Ngoja utoe hewa. Mwishoni mwa kutoa kuna kituo kidogo ambapo mwili haudai chochote, sekunde chache tu, na kidole gumba husimama chenyewe. Risasi nzuri hutoka hapo. Ukikaa zaidi ya sekunde kumi, macho huanza kuona ukungu na misuli kutetemeka, basi pumua uanze upya. Inuka, rudia, safari hii kwa goti moja. Baada ya wiki tatu hivi utaona unakipata kile kituo haraka hata ukiwa umechoka.

Ongeza kulala juu ya viwiko mwili ukiwa umenyooka, na kushika mti wa ufagio begani huku chupa ya maji ya lita moja imening'inia mbele. Mkono wa mbele ndio huchoka kwanza kwa wasichana na wavulana sawasawa. Punguza chai ya rangi na kahawa wiki ya mwisho ili mikono isitetemeke, na kama kuna rafiki anayekushawishi muguka (yale majani ya kutafuna) wa kukesha, mwambie baada ya kozi. Au kamwe.

Joto la huko litakudanganya. Hapa kwetu jasho huganda mwilini, unajua kabisa kwamba umelowa. Kule Voi hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hajapoteza maji. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, kabla ya kiu, na usinywe maji matupu siku nzima. Chakula chenye chumvi au pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini hurudisha kilichotoka. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Panda treni ya kwenda Voi mapema, ulale usiku kamili kabla ya siku ya kwanza.

Kambini watakuanzisha kwa mita chache, pengine 25. Hapo usitafute katikati ya shabaha. Kazi yako ni risasi tatu au tano ziangukie karibu karibu, popote pale. Kundi dogo lililoko chini kushoto ni bora kuliko risasi moja ya katikati na nne zilizotawanyika, kwa sababu kundi linaweza kusogezwa kwa kurekebisha vilengeo, na hilo ni kazi ya mkufunzi. Usimruhusu jirani akurekebishie, na wala usibadilishe namna unavyolenga ili kuifuata shabaha. Andika daftarini nambari ya bunduki yako, umbali, na mahali kundi lilipoangukia. Kesho ukipewa bunduki nyingine utajua kilichobadilika ni wewe au ni chuma.

Na ukiona risasi zako zinaanza kushuka chini na kutawanyika siku ya pili au ya tatu, baada ya siku ya kwanza kuwa nzuri, usizidishe nguvu. Hicho ni kujikunyata kumeingia, na huwapata karibu wote. Mwombe mkufunzi akujazie magazini yeye mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na zile za bandia za mafunzo bila wewe kujua mpangilio. Lenga na ufyatue kama kawaida. Ikifika ya bandia hakutakuwa na mlio, na utaona kwa macho yako mdomo wa bunduki ukichovya chini. Endelea na mchanganyiko huo mpaka bunduki ifyatuke tupu na ncha ya mbele isitikisike, halafu ndipo uombe magazini kamili.